Mguu Mmoja Unatosha? Maswali Yenu Kuhusu Monopodi

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimepatana. Nne kati yake zinauliza juu ya kitu kimoja: stendi ya mguu mmoja, ile tunayoiita monopodi. Nimeanza na ya kijana wa Majengo na nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu ametuma na picha.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Moshi. Nina kamera ya Canon yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) na lenzi ya 70-200 f/2.8 niliyonunua mkononi mwa mtu, ile isiyo na kitulizaji cha mtikisiko ndani. Shida yangu iko kanisani. Mwezi uliopita nilikuwa na ndoa huko milimani, ndani ya kanisa kuna kigiza, na flashi hairuhusiwi wakati wa misa. Stendi yangu ya miguu mitatu niliambiwa niitoe kwa sababu inaziba njia ya katikati. Nikapiga kwa mkono, na picha nyingi za altareni zimetikisika. Rafiki yangu anauza monopodi yake kwa shilingi 90,000. Mwenzangu mmoja anasema nisitupe hela, nipandishe ISO tu, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga. Mwingine anasema nivumilie nikusanye fedha za lenzi yenye kitulizaji. Nimeambatanisha picha tatu zilizoniumiza zaidi. Je, monopodi ina faida kweli?
Msomaji wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kuleta picha zenyewe, maana neno "imetikisika" lina magonjwa matatu ndani yake, na monopodi inatibu moja tu. Nimezifungua kwenye kompyuta, nikazikuza mpaka mwisho. Ngoja nikueleze nilichokiona kabla hatujagusa hizo elfu 90.

Picha ya kwanza, padre ameinua mikono mbele ya altare. Mimi nimetazama mishumaa. Kila mwali umekuwa kimstari kilicholala kidogo, na vimistari vyote vimelalia upande mmoja. Ukingo wa altare, ambao hauwezi kutembea, nao una kivuli chake pembeni. Kilichosogea hapo ni kamera. Taarifa za picha zinasema kasi ya shata ilikuwa 1/80, yaani ilikaa wazi sehemu moja ya themanini ya sekunde, kwenye milimita 200. Hii ndiyo picha ambayo monopodi ingekuokolea.

Picha ya pili, mwalimu wa kwaya. Mikono yake imekuwa moshi, lakini benchi lililo nyuma yake naweza kuhesabu mistari ya mbao. Kamera ilitulia vizuri kabisa, bila shaka uliegemea ukuta au nguzo. Aliyesogea ni mwalimu. Hata kama kamera ingejengewa kwa saruji, mikono ile kwa 1/80 ingetoka hivyo hivyo. Hapo dawa ni kasi ya shata, 1/250 kwenda juu, na ISO ipande kuifuata.

Picha ya tatu, bi harusi anasaini cheti. Uso wake umefifia wakati shada la maua lililo mbele yake limetoka kali kama wembe. Fokasi ilidaka maua. Monopodi haiingii kabisa kwenye kesi hiyo. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, ndipo ubonyeze.

Kwa hiyo katika picha tatu zilizokuumiza, mguu mmoja ungekusaidia kwenye moja. Nimelitanguliza hili kwa makusudi. Wapo vijana wengi wazuri walionunua kifaa kwa ajili ya ugonjwa ambao hawakuwa nao, kisha wakakilaumu kifaa.

Sasa hesabu ya ile picha ya padre. Kanuni tuliyofundishwa tangu enzi za filamu ni kwamba ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isishuke chini ya urefu wa lenzi: milimita 200, basi angalau 1/200. Canon yenye sensa ndogo inakata picha kwa mara 1.6, kwa hiyo 200 yako inakuwa kama 320, na kasi yako salama ni 1/320. Ulipiga kwa 1/80. Kutoka 320 kushuka 160 ni stopu moja, yaani shata inakaa wazi mara mbili ya muda; kutoka 160 kushuka 80 ni stopu ya pili. Monopodi, kwa mtu aliyejifunza kuisimamia, inarudisha stopu mbili hivi, mara chache tatu. Padre wako angetoka safi. Si katika kila fremu, lakini katika nyingi.

Nimesema kwa aliyejifunza, na nalirudia kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka. Mguu mmoja ukigusa sakafu unaondoa kabisa mwendo mmoja, ule wa juu na chini. Uzito unashuka ardhini badala ya kuning'inia kwenye viganja vyako. Lakini kuyumba mbele na nyuma kunabaki, kuyumba kushoto na kulia kunabaki, na kamera bado inaweza kuzunguka kama mlango kwenye bawaba. Hayo matatu ni kazi ya mwili wako. Mtu akiisimamisha wima mbele ya pua yake, miguu ameibana kama askari wa gwaride, haoni tofauti, na ana haki ya kulalamika.

Mimi nasimama hivi. Ncha ya monopodi naitanguliza mbele yangu kama hatua moja, miguu yangu naiachanisha upana wa mabega, kisha namwegemea yule mguu wa chuma kidogo, kama mtu anayesikiliza siri. Hapo miguu yangu miwili na ule mmoja inakuwa mitatu, na stendi iliyokatazwa kanisani imerudi ndani bila kuziba njia. Mkono wa kulia kwenye kamera. Mkono wa kushoto naulaza juu ya lenzi, nauacha uzito wake ukandamize chini. Viwiko viwe karibu na mbavu. Natoa pumzi, na mwisho wa pumzi kabla sijavuta nyingine, nabonyeza taratibu. Nabonyeza mara tatu mfululizo, maana ile ya kwanza mara nyingi hubeba msukumo wa kidole na ya katikati ndiyo hutulia.

Urefu nao una maneno. Kioo cha kuchungulia kije kwenye jicho lako ukiwa umesimama wima, usikifuate wewe kwa kuinama. Mgongo ulioinama hautulii. Vipande virefushe kuanzia vile vinene vya juu, kile chembamba cha chini kiwe cha mwisho kutoka, na kama kinaweza kubaki ndani, kibaki.

Halafu, mwanangu, lenzi yako ina kola, ile pete inayoizunguka, yenye mguu wake. Funga monopodi kwenye ile kola, usifunge chini ya kamera. Ukifunga kwenye kamera, lenzi nzima inaning'inia mbele, inavuta mdomo wa kamera na kukusukuma uiname. Kwenye kola uzito unakaa katikati, na ukitaka picha ya kusimama unalegeza kola, unazungusha, basi. Kwa sababu hiyo huhitaji kichwa cha gololi juu ya monopodi. Kwa lenzi nzito kile kichwa ni adui, kinaangukia pande zote kwa mpigo. Ukiongeza kitu, ongeza kichwa cha kuinamia mbele na nyuma tu.

Jibu langu kwako ni nunua. Lakini sababu yangu kubwa haimo kwenye barua yako.

Mwaka wa kwanza nilipopiga Kilimanjaro Marathon, zile mbio za mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, nilisimama kwenye mstari wa kumalizia pale Uwanja wa Ushirika na lenzi ya milimita 300, bila stendi yoyote. Asubuhi ile Kibo ilikuwa wazi, mwanga mzuri, nikapiga kwa 1/1000. Kwa kasi hiyo mkono unaweza kutetemeka na picha isijue. Washindi nikawapata, wote wakali. Nilidhani nimeshamaliza kazi.

Wanaokuja kuulizia picha si wale wanaokata utepe. Anayekuja ni mwalimu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa tano na dakika arobaini, mwenye watoto wanaomsubiri nyuma ya kamba. Ni mama aliyefanya mazoezi mwaka mzima kwenye barabara ya KCMC. Hao walifika wakati mimi nimeshashika karibu kilo tatu tangu alfajiri. Picha zao hazikutikisika. Zilikuwa mbaya kwa namna nyingine: vichwa vimekatwa, miguu imekatwa, mstari wa uwanja umelala kama meli inayozama. Wengine walipita kabla sijainua lenzi, kwa sababu nilikuwa nimeishusha nipumzishe bega. Mama mmoja alitafuta picha yake kwenye kompyuta yangu mara tatu, na haikuwepo. Alinishukuru, akaondoka. Nilinunua monopodi wiki hiyo.

Ndiyo sababu sipendi swali la monopodi linapoulizwa kwa hesabu ya stopu peke yake. Misa ya ndoa inakwenda saa moja na nusu, mbili. Ikiwa na kipaimara au jubilei ndani yake, zaidi. Kamera yako na lenzi hiyo ni karibu kilo mbili. Dakika ya tano mkono wako ni imara, dakika ya tisini si mkono ule ule. Na kumbuka ni wakati gani pete zinavishwa: si mwanzoni. Monopodi inakubebea ule uzito kati ya picha na picha, lenzi ikiwa tayari usawa wa jicho, ili bwana harusi anapofuta chozi ghafla uwe umeshamwangalia.

Kabla misa haijaanza, pima urefu na ufunge vifungio vyote. Vile vya kukunja vinalia *ka!*, na katikati ya mageuzo kanisa zima litageuka kukutazama. Hakikisha chini kuna mpira na si mwiba wa chuma, sakafu za vigae zinateleza. Nenda kamwone paroko au katekista mapema, mwonyeshe kwamba ni mguu mmoja tu na utasimama kando ya nguzo. Nimeingia makanisa mengi ya Uru, Kibosho na Machame kwa njia hiyo, kwa heshima, na sijawahi kunyimwa.

Ukumbini ikunje. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inapoingia na majani mdomoni, mashangazi wanacheza mbele yake na matarumbeta yanapiga, mguu wa chuma sakafuni ni mtego wa kuangusha watu. Tena pale kila kitu kinatembea, kutulia kwa kamera hakukupi lolote. Flashi imeruhusiwa, itumie.

Wenzako wawili sasa. Yule wa ISO hajakosea. ISO haina gharama, ipandishe leo hii. Chembechembe za ISO 3200 familia itasamehe, uso wenye vivuli viwili haitausamehe. Ningekuwa wewe ningeanza na f/2.8, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, na ISO 3200, nione kasi inafika wapi, ndipo mguu wa monopodi uzibe pengo lililobaki. Yule wa lenzi yenye kitulizaji naye anasema kweli: vitulizaji vya sasa vinarudisha stopu tatu, nne, na vingine zaidi, kwa hiyo kwa mtikisiko peke yake vinaishinda monopodi. Ila kitulizaji hakibebi kilo mbili, na bei yake huwezi kuiweka karibu na elfu 90. Kusanya taratibu. Siku ukiipata, monopodi haitakuwa imepoteza kazi, utatumia vyote viwili pamoja.

Ukienda kuiangalia hiyo ya rafiki yako, nenda na kamera na lenzi yenyewe. Ivute mpaka mwisho, funga kila kifungio, shika kwa juu na uegemeze uzito wako kidogo kidogo. Kipande kimoja kikizama, hata kidole kimoja, mrudishie kwa shukrani. Kama vifungio ni vya kuzungusha, fungua vyote uangalie ndani. Vumbi letu hili la udongo wa volkano ni laini kama unga, linaingia kwenye nyuzi na kuzila. Likiwemo kidogo linafutika kwa kitambaa kikavu, lakini kama nyuzi zimelika, hakuna fundi wa kuzirudisha. Angalia pia skrubu ya juu. Zipo za saizi mbili, robo inchi na tatu kwa nane, na monopodi nyingi zina skrubu ya kugeuza yenye zote mbili. Kola ya lenzi yako huenda ikataka mojawapo, na kipande cha kupunguzia kutoka kubwa kwenda ndogo kinapatikana.

Na kama hela haijatimia kabla ya ndoa ya Jumamosi ijayo, ipo njia ya kamba. Tafuta boliti fupi ya robo inchi, ifungie kamba imara yenye urefu wako, ikaze chini ya kola. Kanyaga kamba, kisha vuta kamera juu mpaka kamba ikaze kama uzi wa zeze. Mkono unaovuta hautikisiki kama mkono unaobeba. Haifiki kwenye monopodi, na uzito bado ni wako, lakini stopu moja utaipata. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi uwe makini: boliti ya milimita 6 inafanana sana na ya robo inchi, na ukiilazimisha itakata nyuzi za lenzi yako. Ikigoma mzunguko wa pili, itoe. Ikiwa ndefu pia usiikaze mpaka mwisho, itagonga ndani.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, nakaa Usa River. Nilimbeba mgeni kutoka Uingereza aliyekuja na monopodi nzuri sana, lakini siku ya pili Tarangire aliitupa nyuma ya gari akasema haifai. Nataka kununua moja niwe nayo kwenye gari kwa ajili ya wageni. Je, nisinunue?
Dereva, Usa River

JIBU: Usinunue kaka. Mgeni wako alikuwa sahihi kwa mahali alipokuwa. Ndani ya Landkruza sakafu yenyewe ndiyo inayotikisika: injini ikiwaka, mtu wa kiti cha nyuma akisimama kutazama tembo, spring zinacheza. Monopodi inachukua ule mtikisiko wote kutoka chini na kuupeleka moja kwa moja kwenye lenzi. Afadhali hata mikono, maana mikono inaumeza kidogo. Tena chini ya paa lililoinuliwa, kati ya viti, hakuna nafasi ya kuitanguliza mbele na kuiegemea.

Mpatie mgeni mfuko. Mpe fundi cherehani turubai au jinzi nzito, ashone mfuko wenye zipu, upana wa kutosha kulala kwenye ukingo wa paa, uujaze mchele au maharage kilo mbili au tatu. Usiujaze ukabinuka, uache ulegee ili lenzi izame na kukumbatiwa. Lenzi ya milimita 400 ikilala juu ya mfuko huo, injini imezimwa na wote wametulia, inapiga vizuri kuliko juu ya stendi yoyote utakayoibana ndani ya gari. Shona mitatu uwe nayo. Mgeni hawezi kuruka na kilo tatu za maharage kutoka kwao, atakushukuru siku zote za safari. Na zima injini, kaka. Hakuna kifaa kinachoshinda hilo.

Monopodi ina nafasi yake pale mnaposhuka. Ngorongoro chini kreta hamshuki isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa hiyo huko iache. Lakini Hifadhi ya Arusha, mlangoni kwenu kabisa, mnaweza kutembea kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki, kuna twiga na nyati uwandani. Kutembea saa tatu na lenzi kubwa shingoni ni mateso, na hapo mguu mmoja begani ni rafiki. Kwa mbega walio juu ya miti, mgeni awe na kile kichwa cha kuinamia nilichomweleza kijana wa Majengo. Bila hicho, ukitaka kutazama juu lazima ulaze monopodi nzima kuelekea kwako, na utulivu wote unakwisha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Arusha. Nimenunua monopodi kwenye duka la simu karibu na stendi ya mabasi. Nimejaribu kufungia kamera ya kaka yangu ikainama na kukaribia kuanguka. Nimeuziwa feki?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Hapana mdogo wangu, umeuziwa fimbo ya selfie. Maduka mengi ya simu yanaiita monopodi, na jina limeshika. Ile imetengenezwa kubeba simu hewani kwa mkono, haijatengenezwa kusimama ardhini na kubeba kamera. Toa kamera ya kaka yako leo, kabla haijaanguka kweli. Itumie kwa simu yako. Baadaye ukipata monopodi yenyewe, kile kishikio cha simu cha kwenye fimbo yako, kama kina tundu la skrubu ya robo inchi chini yake, kitafunga juu ya monopodi, nawe utapiga video ya simu iliyotulia vizuri sana.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpagazi, napanda kwa njia ya Marangu. Wageni wanaomba niwapige picha usiku, nyota zikiwa juu ya Kibo. Fimbo yangu ya kutembelea ina skrubu chini ya kirungu cha juu. Inaweza kuwa monopodi?
Mpagazi, Marangu

JIBU: Marahaba. Inaweza, na ni kitu kizuri kuwa nacho njiani mchana, kwa kamera ndogo na lenzi fupi. Fungua kirungu, skrubu ile karibu siku zote ni ya robo inchi. Kwa nyota, hapana. Picha ya nyota inataka shata ikae wazi sekunde 15 au 20, na hakuna mwanadamu anayeweza kutuliza mguu mmoja kwa muda huo, sembuse kwenye baridi ya huko na pumzi fupi.

Tafuta jiwe bapa. Weka glovu au soksi nene juu yake, laza kamera juu ya glovu, inua mdomo wa lenzi kwa kokoto mpaka Kibo iingie chini ya fremu. Weka saa ya kamera ya sekunde 2 au 10 ili kidole chako kisiiguse shata inapofunguka, kisha bonyeza na ukae mbali, maana hata hatua zako zinatikisa changarawe. Fokasi ifanye kwa mkono kwenye nyota moja angavu, kwenye kioo, ukiikuza. Na betri ya akiba usiiache kwenye begi. Lala nayo kwenye mfuko wa kulalia, au ibebe chini ya koti karibu na mwili, baridi ya kule huzimaliza betri nzima kabla hujapiga picha ya tano.